Ramani ya hatari ya mmomonyoko wa udongo pwani: usiiharakishe hatua ya mteremko

Juzi nilikaa na kijana mmoja aliyechora ramani ya mmomonyoko ya eneo la pwani. Uwanda wa nyuma ya ufuo ulikuwa mwekundu wote, yaani hatari kubwa, na miteremko ya vilima, ambako korongo zinaonekana kwa macho, ilikuwa na matundu matupu. Data zake zilikuwa nzima. Kosa lilikuwa palepale ambapo mimi mwenyewe niliwahi kupoteza siku mbili.

Natumia RUSLE, kanuni ya kukadiria upotevu wa udongo, ndani ya QGIS, programu ya bure ya kuchora ramani: A = R × K × LS × C × P. A ni tani za udongo zinazopotea kwa hekta kwa mwaka. R ni nguvu ya mvua, K ni wepesi wa udongo kumomonyoka, LS ni urefu na ukali wa mteremko, C ni uoto, P ni hatua za hifadhi kama matuta. Kanuni hii huhesabu udongo unaosombwa na maji ya mvua tu. Mawimbi haiyajui. Ufuo unaoliwa na bahari hupimwa kwa kulinganisha mstari wa pwani katika picha za miaka tofauti, na hiyo ni ramani nyingine.

1. Kusanya data. Mvua: CHIRPS. Udongo: SoilGrids. Uoto: picha za setilaiti ya Sentinel-2. Mwinuko: rasta (ramani ya vijiseli vyenye namba) ya Copernicus, kila seli mita 30. SRTM, data nyingine ya mwinuko, nimeiacha, kwa sababu vipimo vyake ni vya Februari 2000.

2. Peleka kila safu kwenye UTM, mfumo wa ramani unaopima umbali kwa mita, kisha kata bahari yote iwe haina thamani.

3. Tengeneza LS. Hapa nenda polepole.

Ziba kwanza mashimo ya uongo kwenye rasta ya mwinuko, halafu kokotoa mteremko na mkusanyiko wa maji, yaani idadi ya seli zinazomwaga maji kwenye kila seli. Mteremko ukitoka karibu digrii 90 kila mahali, ujue hatua ya 2 uliiruka: umbali uko kwenye digrii na kimo kiko kwenye mita.

Kisha andika kwenye kikokotoo cha rasta:

(mkusanyiko × 30 / 22.13)^0.4 × (sin(mteremko × 0.01745) / 0.0896)^1.3

Hiyo 0.01745, inayogeuza digrii kuwa radiani (kipimo kingine cha pembe), ndiyo iliyomponza kijana, na mimi kabla yake. Kikokotoo cha QGIS husoma pembe kwa radiani, ilhali mteremko wako uko kwenye digrii. Ukiisahau, ardhi ya digrii 2, ambayo ni karibu tambarare, inapewa sin ya 0.909 badala ya 0.035, yaani inahesabiwa kama genge la digrii 65. Sehemu ya pili ya kanuni inaruka kutoka 0.29 hadi 20. Na penye digrii 4 hadi 6 sin inakuwa hasi, haiwezi kupandishwa kwa kipeo cha 1.3, basi seli inabaki tupu. Ndiyo yale matundu. Lakini ukihamia kikokotoo cha GRASS, programu nyingine ya ramani, sin yake husoma digrii, kwa hiyo huko iondoe.

Bado kuna mikoko. Rada ya Copernicus hupima karibu na vilele vya miti, si tope lililo chini. Ukingo wa mikoko unaonekana kama ukuta wa mita kadhaa, na ramani inachora utepe mwekundu pale ambapo ardhi ni tambarare kabisa. Tumia FABDEM, data ya Copernicus iliyoondolewa miti na majengo, au funika eneo lote la mikoko.

Mkusanyiko nao uwekee kikomo. Bila hivyo mikondo ya mito inatoa namba za ajabu.

4. R, K, C na P. R naipata kutoka mvua ya CHIRPS. K ikitoka kwenye jedwali la Marekani, izidishe kwa 0.1317 ili iingie kwenye vipimo vya metriki. C naipata kutoka NDVI (kipimo cha ukijani wa mimea) ya msimu wa mvua, kwa picha isiyo na mawingu. P iwe 1 kama hujaona matuta kwa macho yako.

5. Zidisha, gawa madaraja ya hatari. Matano yanatosha.

6. Nenda uwanjani na rula. Chagua sehemu kumi nyekundu na kumi za kijani. Tafuta mizizi iliyoachwa wazi na vijiwe vilivyosimama juu ya vinguzo vya udongo. Pima kimo cha kinguzo. Sehemu nyekundu isiyo na hata dalili moja, rudi nayo kwenye hatua ya 3.