Kutafuta Nyoka na Vinyonga Usiku katika Msitu wa Amani

Mgeni anayeizuru Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, wilayani Muheza mkoani Tanga, mchana pekee, huondoka bila kuwaona wengi wa wakazi wake. Pata kwanza kibali cha hifadhi na mwongoza wageni anayezijua njia, kwa kuwa gizani hata kijito ulichokivuka jioni hutakitambua. Chagua usiku usio na mbalamwezi, hasa baada ya mvua, vyura wanapotoka na nyoka wanaowala wakawafuata. Vaa gambuti na ubebe tochi mbili.

Tochi ya kichwani ndiyo bora, na si kwa sababu ya kuacha mikono huru tu. Mwanga unapotoka karibu na jicho lako, macho ya mnyama huurudisha kwako moja kwa moja: komba huonekana kama makaa mawili juu mtini, na buibui kama matone ya umande yanayometameta ardhini. Nyoka hana mng'ao huo. Yeye hutafutwa kwa umbo, yaani mkunjo laini mno kuwa mzizi, kwa hiyo tembea polepole sana ukipitisha mwanga kwenye vitawi kuanzia usawa wa goti hadi juu ya kichwa. Mimi hurudi kwa njia ileile, kwani upande wa pili wa jani huficha mengi.

Anayeanza na amtafute kinyonga. Akilala, rangi yake hufifia ikawa nyeupe-nyeupe katikati ya kijani, naye hujishikiza kwenye ncha kabisa ya kitawi, mkia umejiviringa, ili nyoka akipanda, kitawi kitikisike naye aamke. Kwa sababu hiyo, usikiguse. Ukiona pembe tatu usoni, umempata dume wa kinyonga wa Usambara. Kagua pia majani ya chini, anapokaa chura mdogo ambaye hatagi mayai majini bali huzaa vyura waliokamilika.

Katika vichaka hivyohivyo hukaa nyoka mwenye sumu, ambaye magamba ya juu ya macho yake yamesimama kama pembe. Usishike shina kabla ya kulimulika, wala usimsogelee nyoka yeyote. Mtu akiumwa, msimchanje wala kumfunga kamba. Kiungo kitulizwe, naye apelekwe hospitali mara moja.

Kabla ya kurudi, zimeni tochi dakika chache. Kelele kali zinazopanda kutoka juu mitini ni za perere, mnyama mdogo wa mitini aliye jamaa ya pimbi, na pengine mtajua mti aliopo.