Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuongeza RAM Kwenye Kompyuta Kongwe ya Umbo Moja

Katika steshenari nyingi za mjini Tabora, kazi ya siku nzima hubebwa na kompyuta moja tu ya umbo moja (all-in-one), yaani ile ambayo mashine yake yote imefichwa nyuma ya kioo, na ambayo ilinunuliwa ikiwa imekwisha kutumika kwa miaka kadhaa mahali pengine. Ndiyo inayochapa barua, inayoskani vyeti na inayofungua tovuti za maombi ya ajira na ya mikopo ya elimu ya juu, na siku inapoanza kusuasua, jambo la kwanza ambalo mwenye duka huambiwa ni kwamba aongeze RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayoshikilia programu zilizofunguliwa. Ushauri huo una haki yake. Hata hivyo, kazi yenyewe ya kuchomeka RAM ni ya dakika chache, na karibu kila hasara inayotokea hutokana na jambo ambalo lingeweza kujulikana kabla ya bisibisi kushikwa.

Kwanza ni lazima kuthibitisha kwamba upungufu uko kwenye RAM. Fungua kila kitu unachokitumia katika siku ya kazi nyingi, yaani kivinjari chenye kurasa zote za kawaida, programu ya kuandikia na ile ya kuskani, kisha, ikiwa kompyuta inatumia Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja na usome takwimu zinazojitokeza. Ikiwa RAM imejaa kwa asilimia 90 au zaidi, kuiongeza kutaleta nafuu ya kweli. Lakini ikiwa RAM ina nafasi ya kutosha huku diski ikibaki kwenye asilimia 100 muda mrefu, tatizo ni diski ya kuzunguka iliyochoka, na fedha hizo zitafaa zaidi kununua SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka. Kwenye iMac, yaani kompyuta ya umbo moja ya Apple, programu ya Activity Monitor huonyesha mzigo wa RAM kwa rangi: kijani ikiwa hali ni nzuri, njano inapoelemewa na nyekundu inapozidiwa. Angalia pia kama Windows iliyowekwa ni ya biti 32, kwa sababu matoleo hayo ya kompyuta za kawaida hayatumii zaidi ya GB 4 hata ukiweka 16, na katika hali hiyo mfumo wenyewe ndio utakaotangulia kubadilishwa.

Jambo la pili, ambalo naliona kuwa kubwa kuliko yote, ni kuijua mashine kwa jina lake kamili na mwaka wake. Kompyuta za umbo moja hufanana sana kwa nje hata pale ambapo ndani hazina undugu wowote, na iMac ni mfano mzuri wa jambo hili. Zile zilizotengenezwa kati ya mwishoni mwa 2009 na 2011 zina mlango mdogo upande wa chini unaoshikiliwa na skrubu, na nyuma yake kuna nafasi nne za RAM ambazo mtu yeyote makini anaweza kuzifikia. Kuanzia mwishoni mwa 2012 mambo yaligawanyika. Iliyo na kioo cha inchi 27 ilibaki na mlango, safari hii nyuma, unaofunguliwa kwa kubonyeza kitufe kilicho juu kidogo ya tundu la waya wa umeme, baada ya waya huo kuchomolewa. Iliyo na kioo cha inchi 21.5 haikuachiwa mlango wa namna hiyo, na kuifikia RAM yake kunahitaji kukibandua kioo kilichogandishwa kwa gundi, kazi ambayo singemshauri mtu aifanyie mazoezi kwenye mashine inayomlisha. Mbaya zaidi, baadhi ya hizo za inchi 21.5, zikiwemo za mwishoni mwa 2015, zina RAM iliyochomewa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, kwa hiyo hakuna kinachoweza kuongezwa. Mashine zenye chipu ya M1, zilizoanza kuuzwa 2021, nazo hazina nafasi ya kuongeza.

Ukijua hayo utaona kwa nini jibu la muuzaji kwamba “hii ni iMac, inaongezeka” halitoshi. Kwenye menyu ya Apple, chagua sehemu ya maelezo ya kompyuta na uandike ukubwa wa kioo, mwaka na aina ya prosesa. Ikiwa mashine haiwaki kabisa, namba yake ya utambulisho imeandikwa chini ya mguu wa stendi. Kwa HP, Dell au Lenovo, tafuta kibandiko cha nyuma au cha chini ya mguu, uandike jina la modeli pamoja na namba zote zinazolifuata, kisha utafute mwongozo wa matengenezo wa modeli hiyo hiyo. Mwongozo utakuonyesha kama kifuniko cha nyuma kinatoka kwa skrubu au kwa kubanduliwa kwenye vishikizo vya plastiki, nafasi za RAM ni ngapi, na kiwango cha juu ambacho ubao mkuu unakubali.

Ndipo lifuate suala la aina ya RAM. Kompyuta nyingi za umbo moja hutumia RAM fupi kama za kompyuta mpakato, zenye urefu usiofika sentimita 7, na si zile ndefu za sentimita 13 za kompyuta za mezani, ingawa zipo zinazotofautiana na kanuni hiyo. Kati ya hizo fupi, kizazi cha DDR3 kina meno (vipande vidogo vya chuma vya ukingoni) 204 na cha DDR4 kina meno 260, na pengo lililokatwa katikati ya meno halikai mahali pamoja. RAM ya kizazi kimoja haiingii kwenye nafasi ya kizazi kingine, na anayeilazimisha huvunja ubao. Tofauti isiyoonekana kwa jicho ni ya volti. DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, ilhali DDR3L hutumia 1.35. Kwa kawaida RAM za DDR3L hustahimili pia volti 1.5, lakini mashine iliyoundwa kwa volti 1.35 pekee haipaswi kuwekewa DDR3 ya kawaida.

Kasi nayo imeandikwa kwenye kibandiko kwa namna inayowachanganya wanunuzi wengi. PC3-10600 ni ya kasi ya 1333, PC3-12800 ni ya 1600, na PC4-19200 ni ya 2400. Herufi L baada ya PC3 humaanisha volti ndogo, na S mwishoni mwa namba humaanisha RAM fupi. Kwa mfano, iMac ya inchi 27 ya 2013 hutumia DDR3 ya 1600 na mwisho wake ni GB 32, wakati ile ya 2017 hutumia DDR4 ya 2400 na hufika GB 64. Ukichanganya kasi mbili tofauti na mashine ikakubali, zote zitafanya kazi kwa kasi ya ile ya polepole. Ni vema kununua RAM mbili zinazolingana kuliko moja kubwa, kwa kuwa mashine nyingi huzisoma mbili kwa wakati mmoja na hivyo kuwa nyepesi zaidi.

Kabla ya kulipa, pima pia umri wa mfumo endeshi. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi kongwe hazikidhi masharti ya Windows 11. iMac za mwishoni mwa 2015 nazo huishia kwenye macOS Monterey. Mashine ya namna hiyo bado inafaa kwa kuchapa na kuskani, na GB 8 zinaweza kuitosha, lakini sioni sababu ya kuijaza hadi kiwango chake cha juu.

RAM za zamani si rahisi kuzipata Tabora, na wengi huagiza Kariakoo zije kwa basi. Mwombe muuzaji akutumie picha ya kibandiko inayosomeka kabla hujatuma fedha, mkubaliane kwa maandishi kwamba isipokubali itarudishwa ndani ya siku kadhaa, na umsihi aifunge kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, kisha kwenye boksi gumu.

Nakala ya mafaili ni ya lazima, ingawa kuongeza RAM hakugusi diski, kwa kuwa mashine kongwe iliyofunguliwa inaweza kukataa kuwaka kwa sababu nyingine kabisa. Na ikiwa utaipeleka kwa fundi, kumbuka kwamba ndani yake mna vyeti na nakala za vitambulisho vya wateja, ambavyo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavihusu. Vihamishe kwanza, na uvifute kwenye mashine.

Hali ya hewa ya Tabora inastahili kufikiriwa kwa uzito. Katika kiangazi, hewa inapokauka, mwili hujilimbikizia umeme tuli kwa urahisi, na cheche ambayo wewe huisikii inaweza kuiua RAM. Fanya kazi juu ya meza ya mbao, usivae nguo za nailoni wala sweta, gusa sehemu ya chuma ya ndani ya kompyuta kabla ya kushika chochote, na uishike RAM kwenye kingo zake, kamwe si kwenye meno. Vumbi utakalolikuta liondoe kwa brashi laini na kavu. Kupuliza kwa mdomo hupeleka mate kwenye ubao. Zima, chomoa waya, subiri dakika 10 ipoe, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliosalia uishe. Bisibisi ya nyota inayolingana na skrubu, kitambaa kizito cha kulazia kioo na sahani ya kuwekea skrubu vinatosha.

Chagua siku ambayo huna kazi ya mteja ya kukabidhi jioni, na uwe na UPS, kifaa cha betri kinachoendeleza umeme unapokatika, kwa sababu baada ya kuwasha utahitaji saa kadhaa za kuipima RAM kwa programu kama MemTest86 bila umeme kukatika. Usishtuke iMac ya inchi 27 ikibaki na kioo cheusi kwa nusu dakika au zaidi inapowashwa mara ya kwanza, kwani inaitambua RAM mpya. Ikitoa mlio mmoja kila baada ya sekunde tano, haijaiona RAM yoyote, na milio mitatu ikifuatiwa na kimya kifupi ina maana RAM haikufaulu ukaguzi. Izime, uchomoe waya na uzikandamize RAM upya mpaka zikae sawasawa. Zile za zamani usiziuze siku hiyo wala kumwachia fundi. Zitunze kwenye mfuko uliokuja na mpya hadi muda wa kurudisha uliokubaliana na muuzaji upite, kwa sababu mashine ikianza kujizima yenyewe, kuzirudisha ndiyo njia ya haraka ya kujua kama kosa liko kwenye RAM mpya au kwenye mashine.