Kuvuta bei za sarafu za kidijitali kwa Python na kuzisoma kwa saa za Dar es Salaam

Anayefuatilia bei ya Bitcoin akiwa Dar es Salaam hana haja ya kunakili tarakimu kwa mkono kutoka kwenye simu, kwa kuwa ipo maktaba ya Python iitwayo ccxt, inayoyafikia masoko zaidi ya 100 ya sarafu za kidijitali kwa amri zilezile. Bei ni taarifa za wazi, hivyo hutahitaji kufungua akaunti wala kuwa na ufunguo wa siri. Sakinisha kwanza, pamoja na pandas, maktaba ya kupanga data katika jedwali:

pip install ccxt pandas

Kisha omba mishumaa ya siku 30 kutoka Kraken, mojawapo ya masoko hayo; mshumaa ni muhtasari wa bei za kipindi kimoja, hapa siku moja:

import ccxt
import pandas as pd
soko = ccxt.kraken()
data = soko.fetch_ohlcv('BTC/USD', '1d', limit=30)

Kila mshumaa una namba sita: muda, bei ya kufungulia, bei ya juu, bei ya chini, bei ya kufungia na kiasi kilichouzwa.

Namba ya kwanza ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa kuliko zote. Ni hesabu ya milisekunde tangu 1 Januari 1970 kwa saa za UTC, yaani saa sanifu za dunia, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Chukua 1704067200000: ni saa sita kamili usiku, 1 Januari 2024, kwa UTC, lakini kwetu ilikwisha kuwa saa tisa usiku. Maana yake ni kwamba siku ya soko huanza wakati Dar es Salaam imelala, na mkazi wa Sinza anayevuta data saa mbili asubuhi hupata mshumaa wa mwisho wenye umri wa saa tano tu. Nilipoanza kazi hii niliuona mshumaa wa namna hiyo, kiasi chake kikiwa kidogo mno, nikaamini kabisa kwamba soko limedorora, kumbe siku ilikuwa haijaisha. Kwa sababu hiyo badilisha saa, kisha uondoe mshumaa ambao haujafungwa:

j = pd.DataFrame(data, columns=['muda', 'fungua', 'juu', 'chini', 'funga', 'kiasi'])
j['muda'] = pd.to_datetime(j['muda'], unit='ms', utc=True).dt.tz_convert('Africa/Dar_es_Salaam')
j = j.iloc[:-1]

Bei hizi ni za dola. Ukizitaka kwa shilingi, zidisha kwa kiwango cha Benki Kuu ya Tanzania cha siku husika, si cha leo.

Kraken haitoi zaidi ya mishumaa 720 ya karibuni, hata ukiomba ya zamani zaidi; ya saa moja moja huishia siku 30 tu. Anayehitaji historia ndefu ya saa kwa saa hana budi kuihifadhi mwenyewe: vuta kila asubuhi, unganisha na faili la jana, kisha ufute mistari inayojirudia kwa kulinganisha safu ya muda. Bando likikata katikati ya ombi, ccxt hutoa kosa la NetworkError. Lidake, subiri kidogo, uombe tena.