Somo: Mbwa aliyepauka manyoya, anza na sufuria kabla ya sabuni

Wakuu, salaam. Kila wiki mtu anaweka picha ya mbwa aliyepauka kama gunia la mkaa, halafu anauliza "nimpake nini?" Nimejibu mpaka vidole vinauma. Leo naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Niko Mwanza. Nafuga watatu: wawili wa kienyeji, na Jeki, chotara wa Jamani shepadi mwenye kilo 24. Haya yote nimeyafanya kwa hao, mengine kwa akili, mengine kwa ujinga.

Kwanza hilo neno "nimpake" liweke kando. Unywele unaouona umeshakufa. Ulitengenezwa chini ya ngozi wiki kadhaa nyuma, kutokana na alichokula wakati huo, na karibu wote ni protini. Protini ikiwa haba, mwili unahudumia moyo na viungo vingine vya ndani kwanza, ngozi inabaki mkiani mwa foleni.

Hatua ya 1: Minyoo. Dawa kila miezi 3, kulingana na uzito. Huna mizani? Mbebe upande naye kwenye mizani ya duka la nafaka, kisha panda peke yako, toa.

Hatua ya 2: Kupe na viroboto. Kagua ndani ya masikio, chini ya mkia, katikati ya vidole. Fizi zake zikiwa nyeupe, achana na somo hili, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo leo. Akijikuna usiku kucha na ana mabaka yasiyo na nywele, huenda huo ni upele, si njaa. Tena kuna aina ya upele inayomrukia na mwenye mbwa.

Hatua ya 3: Chakula. Mbwa wengi wa mtaani kwetu wanaishi kwa ugali wa pumba uliotiwa harufu ya dagaa. Harufu tu! Pumba inajaza tumbo, lakini ina kitu kinachoikamata zinki isinyonywe mwilini, na zinki ikipungua ngozi inatoa magamba. Mimi nilihamia dona, nikapunguza ugali, nikaongeza dagaa. Mbwa wa kilo 20 anapata viganja viwili vilivyojaa dagaa wakavu kwa siku, na yai la kuchemsha mara 3 kwa wiki. Yai lichemshwe. Ute mbichi una protini inayoifunga biotini, vitamini ambayo manyoya yanaihitaji, kwa hiyo ukimpa mabichi kila siku unaweza kubomoa unachojenga.

Dagaa wanaouzwa kwa ajili ya kuku ni rahisi, ila wamejaa mchanga. Watie kwenye ndoo ya maji, koroga kwa mkono, subiri kidogo. Mchanga unazama, dagaa wanaelea, unawaengua. Rudia mpaka ukipapasa chini ya ndoo usisikie chengachenga. Kisha chemsha, na maji yake songea ugali. Wa pwani wenye chumvi waloweke na umwage maji mara mbili.

Ukipata mapanki (mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya kutolewa minofu), chemsha, nyofoa nyama, mifupa tupa. Mfupa uliopikwa unavunjika kwa ncha kali na unatoboa utumbo. Ini mara moja kwa wiki linatosha. Matumbo na mapafu ya machinjioni yapikwe yaive, usimrushie mabichi.

Na mahindi yaliyoota ukungu msimpe mbwa kwa kuwa "ni mbwa tu". Sumukuvu ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 inaua ini la mbwa vile vile, na kupika hakuiondoi.

Hatua ya 4: Mafuta. Hapa ndipo nilipoharibu, someni taratibu. Nilisikia mafuta ya alizeti yanang'arisha manyoya. Ni kweli, yana asidi ya linoleiki ambayo mwili wa mbwa hauwezi kujitengenezea. Mimi nikaona ninunue ya nini, jirani ana kibanda cha chipsi na kila Jumapili anamwaga mafuta yaliyokwisha kazi. Nikaomba kopo. Nikammiminia Jeki kikombe kizima cha chai juu ya ugali, akalamba mpaka bakuli likasogea ukutani. Nikajisifu. Saa tisa usiku nikasikia anatapika. Asubuhi nimemkuta amelaza kifua chini, makalio juu, kama anayesujudu, anatetemeka, tumbo ukiligusa analia. Daktari akasema kongosho limevimba kwa mafuta mengi ya ghafla. Dripu siku nne. Ile bili ningenunulia alizeti ya mwaka mzima na chenji ikabaki.

Kwa hiyo:
- Mafuta mapya tu. Ya kukaangia yaliyorudiwa, hapana. Yanayonuka uvundo, hapana.
- Kipimo ni kijiko kimoja cha CHAI kwa kila kilo 10 za mbwa, kwa siku. Cha chai, si cha kulia wali.
- Anza na nusu kijiko wiki nzima. Choo kikilegea, rudi nyuma.
- Mbwa mnene, au aliyewahi kuugua kongosho, ruka hatua hii.

Hatua ya 5: Brashi. Dakika 5, mara 3 kwa wiki, kufuata manyoya yanakolala. Brashi mpya ya viatu inafaa kwa mwenye manyoya mafupi. Jeki ana manyoya ya ndani kama pamba, yeye namtumilia chanuo la chuma.

Hatua ya 6: Kuogesha. Mara moja kwa mwezi inatosha. Shampuu ya mbwa, ukikosa sabuni laini ya mtoto. Sabuni ya unga inakomba mafuta yote ya ngozi, na unarudi ulikoanzia. Suuza mpaka maji yatoke meupe.

Matokeo hayaji kabla ya wiki 6 mpaka 8. Usiniandikie siku ya nne.

MASWALI

kipara_tz: Mkuu somo zuri sana. Sasa wangu kapauka, nimpake nini?

Jibu: Aya ya tatu.

Mzee wa Buzuruga: Sisi tumekua tunaona mbwa anapakwa oili chafu ya gari na anapona. Ninyi vijana mnakuza mambo.

Jibu: Mzee wangu, shikamoo. Nami nimekua naona hivyo hivyo. Oili inaziba kila kitu, wadudu wa upele wanapungua, ndiyo maana inaonekana tiba. Lakini mbwa anajilamba, na kilichomo ni sumu pamoja na mabaki ya vyuma vya injini. Wale waliokufa mwezi mmoja baadaye tuliambiwa wamerogwa na jirani. Mafuta ya taa nayo hivyo hivyo, yanaunguza ngozi.

Mama Pendo: Samahani kaka, wangu ni mweusi ila mgongoni anageuka rangi ya kutu. Chakula anakula vizuri tu. Ni jua?

Jibu: Dada, swali zuri. Linaweza kuwa jua, hasa kama anashinda nje. Angalia mizizi: panua manyoya kwa vidole. Yakiwa meusi chini na mekundu kwenye ncha, jua linahusika. Yakiwa mekundu tangu chini, fikiria protini. Rangi nyeusi inatengenezwa kutokana na tairosini, ambayo inatoka kwenye nyama, samaki na mayai, na ikipungua weusi unakuwa wa kahawia. Kutu ikiwa miguuni tu, hiyo ni mate, anajilamba, tafuta kinachomwasha. Anakula nini hasa?

Mama Pendo: Wali na mchuzi tunaobakiza, na mifupa.

Jibu: Basi tatizo tumeshaliona. Ongeza dagaa na yai, mifupa ondoa. Mchuzi pia acha, una kitunguu, na kitunguu kinavunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Piga picha mgongo wake leo, nyingine baada ya miezi miwili, uniletee.

Jirani wa Kisumu: Dagaa ndio hawa omena wetu? Na sina alizeti, niko na mafuta ya mgando.

Jibu: Ndio hao hao, ziwa ni moja. Mgando usimpe, hauna linoleiki ya maana. Ukikosa alizeti, ya mahindi au ya soya yanafaa, kipimo kile kile.

kipara_tz: Mkuu nimempa mafuta jana, leo bado hajang'aa.

Jibu: Umempa kiasi gani?

kipara_tz: Nimemiminia tu kwa macho.

Jibu: Rudi hatua ya 4, soma kwa sauti. Akianza kutapika usisubiri kunijibu, nenda kwa daktari.

mlinzi_wa_zamu: Naomba kuongezea. Wangu nilimlisha vizuri, viroboto wakawa wanarudi kila wiki. Kumbe wanazaliana kwenye gunia analolalia. Sasa nalichemsha kila Jumamosi na kulianika juani.

Jibu: Ahsante sana, hilo nilisahau. Nyufa za banda nazo zifagiwe, mayai yao yanadondokea humo.

Mzee wa Buzuruga: Kuna jambo linanisumbua. Nikimpiga brashi kila mara hatalegea, akawa rafiki wa kila mgeni? Huyu namtegemea usiku.

Jibu: Mzee, Jeki anapigwa brashi mwaka wa tatu sasa, na msoma mita wa maji bado anasomea getini kwa kunyoosha shingo. Ila mpige brashi wewe mwenyewe, usimwachie fundi wala mgeni.

Mzee wa Buzuruga: Hapo sawa. Brashi ya viatu ninayo, ila ina kiwi.

Jibu: Nunua nyingine, mzee wangu.