Harusi ya watu 250: ninavyoipanga tangu kikao cha kwanza hadi kuvunja kamati

Niliingia kwenye kazi hii kama wengi wanavyoingia hapa Dar es Salaam: niliteuliwa katibu wa kamati ya harusi ya binamu yangu. Tulichapisha kadi 200, tukaagiza chakula cha watu 200. Hakuna aliyekumbuka kwamba kadi 90 kati ya hizo zilikuwa dabo, yaani za watu wawili. Chakula kikaisha meza za nyuma hazijaitwa. Shangazi wa bwana harusi, aliyeshinda kwenye basi kutwa nzima kutoka Singida, aliambulia soda na kipande cha keki. Uso wake sijausahau. Tangu siku hiyo kila sherehe ninayoisimamia naianza na idadi ya watu. Rangi za mapambo zitafuata.

Hatua ya 1: Tarehe

Kabla hujaita kamati, kaa na wazazi wa pande zote mbili mkubaliane tarehe. Kwa ndoa ya kanisani, muulize paroko au mchungaji kwanza, kwa kuwa matangazo husomwa Jumapili tatu na parokia nyingi hazifungishi ndoa wakati wa Kwaresima. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe angalau siku 21 kabla. Kama mnafikiria sherehe ya kwenye hema, kimbieni masika. Kuanzia Machi hadi Mei uwanja wa Dar unaweza kugeuka tope ndani ya nusu saa. Na Desemba kumbi hujaa mapema sana. Miezi sita ya maandalizi inatosha, minne ni ya kukimbizana.

Hatua ya 2: Hesabu vichwa, usihesabu kadi

Chukua karatasi, kila upande uandike majina. Kadi ya singo ni mtu mmoja, ya dabo ni wawili. Ongeza kamati yenyewe, wasimamizi, kwaya kama ipo, mpiga picha na wasaidizi wake, madereva, watu wa muziki. Hawa wote watakula. Kwenye sherehe ya wageni 220 huwa wanafika 30 kirahisi, ndiyo maana ninasema 250.

Hatua ya 3: Kamati

Mwenyekiti awe mtu anayeheshimika na anayejua kufunga kikao. Katibu, mweka hazina, kisha wakuu wa chakula, vinywaji, ukumbi na mapambo, usafiri, na burudani. Basi. Kikao cha kwanza familia ije na kianzio mkononi. Watu huchanga wakiona wenye shughuli wameshatangulia.

Hatua ya 4: Ahadi si pesa

Hapa ndipo kamati nyingi huanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Daftari langu lina safu sita: jina, namba ya simu, ahadi, alicholipa, salio, kadi aliyopewa. Mtu akisimama kikaoni na kusema "andika laki mbili", ninaandika, tunampigia makofi, lakini kwenye hesabu ya matumizi laki mbili hiyo haipo mpaka iingie. Tuseme ahadi zote zimefika milioni 20. Mimi napanga matumizi ya milioni 14. Siyo kwamba watu ni waongo. Mtu anauguliwa, anafiwa, ada za watoto zinaingia. Zikifika zote, tunaongeza mapambo wiki ya mwisho. Kupunguza chakula wiki ya mwisho ni aibu ambayo familia itaibeba miaka.

Pesa iende kwenye akaunti yenye watia saini wawili au namba moja ya simu iliyotangazwa, na kila Jumapili mweka hazina aweke kwenye kundi la WhatsApp orodha ya waliolipa. Anayekumbushwa akumbushwe kwa simu, faraghani, kwa lugha ya heshima. Usimtaje mtu mbele ya kundi. Wapo waliotoa elfu hamsini ambayo kwao ni nzito kuliko laki tano ya mwingine.

Hatua ya 5: Ukumbi na wazabuni

Nenda ukumbini jioni, sherehe nyingine ikiendelea. Utaona foleni ya magari, utasikia spika, utaingia chooni. Kisha uliza: jenereta ipo, na mafuta ni ya nani? Mwisho saa ngapi? Vinywaji vya nje vinaruhusiwa? Kila jibu liingie kwenye mkataba wa maandishi, pamoja na kiasi cha malipo ya awali na tarehe ya kumalizia.

Hatua ya 6: Chakula na vinywaji

Ubora wa mpishi tayari mmeuonja, ila foleni ndiyo inayosahaulika. Simama kwenye meza ya bufee uangalie: mgeni anachukua sahani, anauliza kama ile ni mbuzi au ng'ombe, anasita kwenye kachumbari. Kwa wastani nusu dakika kwa kila mtu. Wageni 250 kwenye mstari mmoja ni dakika 125, zaidi ya saa mbili! Weka meza mbili zinazopakuliwa pande zote, upate mistari minne, na watu wote watakuwa na sahani kwa takriban nusu saa. Nyama ipakuliwe na mhudumu. Vyakula vingine watu wajipakulie. Na sahani 20 zifungwe pembeni kabla bufee haijafunguliwa, kwa ajili ya wazee na waliotoka safari. Hizo ninazilinda mwenyewe.

Vinywaji ni hesabu ya shule. Chupa tatu kwa mtu ni chupa 750. Kreti ya soda ina chupa 24, hivyo unahitaji kreti 32. Gawanya kati ya soda, maji na bia kadiri unavyowajua wageni wako. Patana na muuzaji kwamba kreti ambazo hazijafunguliwa atazipokea, na kreti zihesabiwe na watu wawili zikiingia na zikitoka.

Hatua ya 7: Ratiba huandikwa kutoka mwisho

Ukumbi unafungwa saa 6 usiku? Rudi nyuma. Zawadi za makundi, pamoja na kucheza kwake, saa nzima. Chakula kianze saa 3. Keki na ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma) kabla ya hapo, utambulisho kabla ya hivyo, na maharusi waingie saa 1 na nusu. Mpe MC majina ya familia yaliyochapwa, na akae na mzazi mmoja wa kila upande kuyasoma kwa sauti. Jina la babu likikosewa kwenye kipaza sauti, halirudi.

Siku yenyewe

Awepo mtu mmoja tu wa kupigiwa simu, na asiwe mzazi wala msimamizi. Salio la kila mzabuni liwe kwenye bahasha yenye jina lake. Mlangoni wasimame wawili, mmoja kila upande wa familia, ili mgeni aliyesahau kadi atambuliwe kwa uso badala ya kurudishwa.

Kuvunja kamati

Ndani ya wiki mbili kaeni tena. Mweka hazina asome mapato na matumizi na kuonyesha risiti, kinachobaki wapewe maharusi. Kisha mimi humkabidhi bibi harusi lile daftari. Siku mmoja wa waliomo atakapofika mlangoni kwake na kadi ya mchango wa mtoto wake, atafungua ukurasa na kujua jinsi alivyoshikwa mkono.