Mjini kati pamekufa na mto upo? Anzeni hivi

Kama mjini kati pamekufa, maduka yamefungwa na watu wamehamia pembeni, msikimbilie ghorofa jipya, anzeni na mto. Cheki Chattanooga kule Tennessee, Marekani, mwaka 1969 ilitajwa kwenye TV kuwa ndo yenye hewa chafu kuliko miji yote nchini, leo watalii wanajazana.

Kwanza waiteni wananchi waseme wanataka nini, wenzetu walifanya hivyo 1984, mikutano ya wazi kabisa sio ile ya wakubwa wanne na soda. Halafu msibomoe vya zamani haraka! Daraja lao la mtoni la Walnut Street la 1891 lilifungiwa magari 1978, ikabaki kidogo livunjwe, watu wakakataa, likakarabatiwa na 1993 likafunguliwa kwa waenda kwa miguu, na hapo ndo ng'ambo ya pili pakachangamka maana anayetembea ndo anaingia dukani, mwenye gari anapita tu.

Kivutio kikubwa kimoja karibu na maji kinatosha (wao akwariamu, yaani jumba la kuonyesha samaki, 1992), ila wekeni na mabasi ya bure yawasambaze watu mitaani.

Na nyumba za kuishi jamani, mkiwa na ofisi peke yake, zikifungwa jioni mtaa unabaki na walinzi.