Harambee ya kunyoa vichwa kwa ajili ya utafiti wa saratani ya watoto

Mtu anakubali kunyolewa kipara, ndugu na wafanyakazi wenzake wanamchangia. Ifanyeni Septemba, mwezi wa saratani ya watoto duniani.

Hatua ya 1. Wiki nane kabla, pata barua ya taasisi itakayopokea fedha. Itaje neno "utafiti" na akaunti ya mradi wenyewe. Bila hivyo fedha huingia mfuko wa jumla na kuishia kwenye dawa na nauli. Ni mahitaji ya kweli, ila siyo mliyowaahidi watu.

Hatua ya 2. Andaa maelezo mafupi. Watu wetu wamezoea kumchangia mgonjwa wanayemwona, utafiti hawauoni. Wape mfano wa jirani: mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto. Mwaka 1964, kwenye sampuli za uvimbe huo zilizopelekwa London, vikagunduliwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Leo mtoto mwenye uvimbe ule akiwahishwa hospitali anaweza kupona.

Hatua ya 3. Ahadi. Hapa ndipo harambee nyingi hufia. Wanyolewaji 30, kila mmoja akikusanya shilingi 200,000, ni milioni 6. Lakini zikibaki daftarini, nywele zikishaanguka hamu ya kulipa nayo imekwisha. Kwa hiyo mashine isiguse kichwa kabla fedha hazijaingia. Zilipwe kwa lipa namba ya taasisi, siyo simu ya mweka hazina: jina la mtu binafsi likitokea kwenye simu, mchangiaji husita, na ana haki.

Hatua ya 4. Vinyozi watatu, dakika 12 kwa kichwa, ni saa mbili. Kila kinyozi awe na mashine mbili za kuchaji, moja ikipata moto apumzishe. Baada ya kila kichwa, meno ya mashine yapigwe brashi kwanza, ndipo yapakwe spiriti ya asilimia 70 na kuachwa yakauke. Spiriti ikipulizwa juu ya nywele na mafuta haifiki kwenye chuma, na mapunye huhama kichwa hadi kichwa. Wenye misuko wafumue nyumbani.

Watoto walio kwenye matibabu msiwalete ukumbini. Kinga yao iko chini, mafua ya mgeni mmoja yanaweza kuwalaza. Nyuso zao pia zisiwe mabango.

Hatua ya 5. Ndani ya siku 7, kila mchangiaji atumiwe jumla iliyoingia, makato ya mtandao na picha ya risiti ya taasisi.